Vitabu vya Ijumaa na Kipande cha Sita

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi Waiswa. Nimeona pipa la mafuta ya mawese likiviringishwa mchana kweupe kutoka ghalani hadi nje, na mlinzi akalifungulia geti kwa heshima. Nimemsikia dereva akiapa kwa Mungu kwamba katoni zake za sabuni zimeyeyuka kwa mvua, na lori lenyewe kavu kama unga wa muhogo. Nimefukuzwa kazi asubuhi, nikaitwa mchana, na yule aliyenifukuza akanimiminia chai kwa mkono wake. Kwa hiyo ujumbe wenu wa juzi, nyinyi vijana wa kitengo cha bidhaa, haukunishangaza. Ulinichosha tu.

Mmeniandikia: "Mzee Waiswa, tunaomba orodha ya vitabu vilivyokusaidia kuwa meneja mzuri wa bidhaa na kiongozi." Kwanza, mzee ni nani? Nina miaka hamsini na nne na meno yangu yote. Nimestaafu kwa sababu mgongo ulisema basi, umri haukuhusika. Pili, orodha! Nyinyi watu mnapenda orodha kama kuku anavyopenda kumbikumbi. Mkipewa mnaibandika ukutani, mnaipiga picha, mnawarushia wenzenu kwenye simu, halafu kazi inabaki palepale mlipoiacha. Sitawapa orodha. Nitawaeleza nilivyosoma na kilichonipata, halafu kila mtu aamue mwenyewe kama bado ana hamu ya kusoma.

Shule niliiacha darasa la sita. Baba yangu alikuwa askari magereza hapa Jinja, na Kiswahili hiki ninachowaandikia nilikiokota kwenye kota za askari, ambako Mteso, Mwacholi, Mgisu na sisi Wasoga tuligombania bomba moja la maji, na hakukuwa na lugha nyingine ya kugombania iliyotutosha sote. Madereva wa Kenya walikuja kuninyoosha baadaye, kwa matusi zaidi. Kiingereza nilikipata mwisho kabisa, na mpaka leo nakitembelea kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilikuwa mbebaji. Nilidhani sabuni inanukia. Sabuni mbichi inanuka mafuta yaliyochacha, na magadi yake yanakula vidole mpaka ukishika chumvi unalia. Aliyenipokea alikuwa Mzee Ochwo, mpishi wa sabuni, Mjapadhola mmoja mkavu ambaye alionja sufuria kwa ncha ya ulimi. "Ikikuuma, haijaiva," alisema. "Ikinyamaza, mimina." Basi, masomo yote yakaisha hapo. Aliniambia nionje, nikaonja, nikala posho, yaani ugali, kwa upande mmoja wa mdomo wiki nzima. Kutoka kwake nilijifunza kusikiliza mchemko, kusafisha kalibu, na kukata sabuni kwenye meza ya waya, pale ambapo jiwe zima la sabuni linasukumwa likatoka upande wa pili likiwa miche mirefu iliyonyooka.

Najua mnataka niseme kwamba Mzee Ochwo hakusoma kitabu hata kimoja na alijua kuliko wote. Sisemi. Alikuwa mkaidi, hakutaka kuandika vipimo vyake popote, na alipougua malaria tulimwaga sufuria mbili shimoni kwa sababu siri yote ilikuwa imelala naye kitandani. Nilimpenda yule mzee. Lakini tusidanganyane.

Jinsi nilivyopanda kutoka kubeba mpaka kusimamia sitaeleza. Waulizeni walionionea wivu, wengi bado wako hai.

Nije kwenye vitabu vyenyewe. Alifika Mkurugenzi mpya kutoka Kampala, kijana wa suruali ya kubana, akaniita ofisini.

"Bwana Waiswa, kuanzia leo wewe ni meneja wa bidhaa. Unasimamia sabuni ya mche."

"Na kabla ya leo nani alikuwa anaisimamia?"

"Hakuna mtu."

"Basi miaka yote hii imekuwa ikijiuza yenyewe?"

Hakucheka. Akanieleza kwamba meneja wa bidhaa anasimama katikati ya wanaotengeneza, wanaouza na wanaotumia, anawasikiliza wote na kuamua kitu gani kitengenezwe na kipi kisitengenezwe. Wanaotengeneza si wafanyakazi wake, wanaouza si wafanyakazi wake, lakini kikiharibika anaulizwa yeye. Nikamwambia kazi hiyo nimeifanya miaka mingi bila jina, na matusi yake nayajua. Akasema sasa nitaifanya kwa vitabu. Akavuta boksi kutoka chini ya meza. Banange, boksi zima!

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile Ijumaa yenu maarufu. Kila Ijumaa saa tisa tulikaa kantini, mimi, Mkurugenzi, mhasibu, watu wa mauzo, fundi mkuu, na Nafuna. Huyu Nafuna mnamjua leo kama mkubwa wenu, lakini wakati ule alikuwa msichana wa kilima cha Wanale, kule Mbale, aliyetoka chuo kikuu na shahada yake bado ina joto, ameajiriwa chini yangu, yuko kwenye majaribio. Yeye ndiye aliyesoma kwa sauti na kutugeuzia kwa Kiswahili, maana ndani ya chumba kile kila mtu alikuwa na lugha yake ya mama. Nyumbani nilirudia sura ileile kwa rula na kamusi, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Tenywa, umeokoka?"

"Nasoma."

"Unasoma nini mpaka unaomba msamaha hivyo?"

Kitabu cha kwanza kilikuwa kizuri, nakubali. Kilisema usikae ofisini ukiota, nenda ukamwone anayekitumia kitu chako pale anapokitumia. Kilisema pia usimuulize mtu kama anakipenda, kwa sababu atakuambia anakipenda ili uondoke. Muulize mara ya mwisho alifanya nini. Hilo lilinikera, kwa sababu lilikuwa kweli na mimi nilikuwa nimeuliza vibaya maisha yangu yote. Ila watu wetu wakaligeuza kuwa aya ya msahafu. Fundi mkuu akawa hawezi kupewa spana bila kumuuliza kijana mara ya mwisho alimpa nani. Ukiagiza chai kantini, mpishi anakuuliza unatatizwa na nini hasa. Natatizwa na kiu, mama, lete chai!

Kitabu cha pili ndicho nilichotaka kukitupa mto Naili. Hicho kilikuwa cha alama. Kila wazo linapewa alama, moja hadi kumi, kila mtu anaandika yake, mnajumlisha, na lenye alama nyingi ndilo linalofanywa. Eti inaondoa upendeleo. Nyinyi mnajua tulivyofanya? Kila mtu aliandika alama yake huku akichungulia karatasi ya Mkurugenzi. Mhasibu peke yake alikuwa na msimamo, aliwapa wote nane kwa sababu hapendi kutoa tisa.

Sasa kaeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia.

Tulikwenda Mbale mimi na Nafuna kumwona mtumiaji, kama kitabu kilivyotutuma. Nafuna alitupeleka Nabuyonga kwa mama mmoja anayefua nguo za watu kwa malipo, anaitwa Mama Nambozo. Tulimkuta uani, mabeseni matatu, mikono mpaka kwenye kiwiko ndani ya povu.

"Mama, sabuni yetu unaionaje?" nikauliza, kabla Nafuna hajanikanyaga mguu.

"Nzuri sana, bwana. Mungu awabariki."

Nafuna akachuchumaa. "Mama, mara ya mwisho umenunua lini?"

"Leo asubuhi. Ona basi." Akatoa kipande. Upande mmoja kinene, upande wa pili chembamba kama ulimi wa mbuzi. "Cha jana kilikuwa kikubwa. Pesa ileile, duka lilelile. Mwenye duka akigombana na mumewe, kisu chake nacho kinagombana na mimi."

"Ungetaka iweje?"

"Vilingane tu. Hata mapacha wanagawiwa sawa."

Hapo nikacheka, kwa sababu Waiswa ni jina la pacha, na mimi na mwenzangu hatukuwahi kugawiwa sawa hata siku moja. Lakini Nafuna hakucheka. Njiani kurudi Jinja alikuwa amekwisha kulichora wazo nyuma ya tiketi: tuweke alama kwenye mche. Mistari minne iliyozama, vipande vitano sawasawa. Kilo moja ukiigawa kwa tano hesabu inakaa vizuri, na mwenye duka atakata kwenye mstari, atake asitake. Mama Nambozo atapata haki yake.

Nililipenda. Nililipenda mno, nikasema mbele ya watu wote Ijumaa ile kwamba Mbale naijua kama kiganja changu, nimepeleka sabuni kule tangu Nafuna hajazaliwa, na alama hizi zitauzika hadi mpaka wa Kenya. Wakapiga alama. Tisa, tisa, tisa, kumi ya Mkurugenzi, na nane ya mhasibu. Hakuna wazo lililowahi kupata alama kama zile. Mkurugenzi alipiga makofi. Nikatia sahihi. Tukamchongesha fundi wa vyuma rola ya kukandamiza mistari, tukaipitisha kwenye miche ingali laini, na kusema kweli ilitoka nzuri, ungedhani mkate.

Kitabu kilisema tujaribu kwa kiasi kidogo kwanza. Tukajaribu kwa kiasi kidogo: lori moja. Msinicheke. Kwa kiwanda kile lori moja ni kidogo.

Lori likashushwa kwa Hajji Mafabi, mwenye duka la jumla mjini Mbale, ambaye wenye maduka madogo wote wa sehemu zile huchukua kwake. Tulianza kusubiri habari njema. Ikaja simu.

"Bwana Waiswa, njoo uchukue sabuni yako."

"Imeisha, Hajji? Tukuletee nyingine?"

"Nimesema uchukue. Si ulete."

Tulipofika mimi na Nafuna, katoni zilikuwa zimepangwa mpaka barazani, na Hajji amezikalia kama mtu aliyefiwa. Wenye maduka walikuwa wamezirudisha, mmoja baada ya mwingine. Hata salamu hakutumalizia.

"Njooni muone," akasema, akatuvusha barabara hadi kwenye duka dogo la mwanamke mmoja. Yule mama alikuwa ameulaza mche wetu juu ya gazeti, anaukwangua kwa kisu kama mtu anayeparua samaki. Alikuwa anatoa alama! Mistari yangu minne, iliyopata tisa, tisa, tisa, ilikuwa inageuka unga juu ya gazeti. Na ule unga aliutia kwenye vikavera, vile vifuko vya nailoni, na kuuza shilingi mia mbili, wa kuoshea vyombo.

"Mama, kwa nini unaharibu sabuni?" nikauliza. Sauti ilinitoka ya kijeshi.

"Afande, hii sabuni ilikuja imeharibika. Mimi naitengeneza."

Hajji akanishika bega. "Bwana Waiswa, nikuulize. Mara ya mwisho wewe kununua kipande cha sabuni dukani ni lini? Kipande. Sisemi mche."

Nikamtazama Nafuna, na yeye akawa anatazama viatu vyake.

Mnaelewa? Kiwandani kwetu kila mfanyakazi anapewa miche miwili kila mwezi, bure. Mkurugenzi anapewa, mhasibu anapewa, mfagiaji anapewa. Nafuna mwenyewe tangu aajiriwe alikuwa anapeleka miche kwa mama yake Wanale. Tulikaa mezani kundi zima la watu wa sabuni, tukasoma kitabu cha kumjua mtumiaji, tukapiga kura, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amenunua sabuni kwa miaka. Mtu wa kiwanda cha viatu angejua zaidi yetu. Mchunga ng'ombe angejua!

Hajji akanifundisha hesabu mbele ya yule mama kama mtoto wa chekechea. Mwenye duka ananunua mche kwake kwa elfu tano. Anaukata vipande sita, kila kipande elfu moja. Vitano vinarudisha pesa aliyotoa. Cha sita ndicho chumvi ya nyumbani, ndicho daftari la mtoto. Sasa sisi tumemletea mche wenye alama za vipande vitano, na mteja ana macho. Akikatiwa sita anasema, "Mbona umepita mstari? Unaniibia?"

"Wamama wa kufua wamefurahi sana," Hajji akasema. "Wanakuja kudai mstari wao. Ila hakuna duka la kuwauzia. Ulimsikiliza anayefua, bwana, vizuri sana. Anayekata ulimpita barabarani hata salamu hukumpa."

Nilitaka kukasirika na Hajji, lakini nilikasirika na kitabu. Kwa nini kisiseme kwamba katikati ya mimi na mtumiaji kuna mtu ameshika kisu? Nafuna akasema kwa sauti ndogo kwamba kilisema, sura ya nne. Sura ya nne tuliiruka kwa sababu ile Ijumaa kulikuwa na sherehe ya kumuaga karani.

Tulikaa kwenye benchi la yule mama mpaka jua likahama. Hili ndilo nililofanya vizuri, na nitajisifu kwa sababu hakuna mwingine atakayenisifu: nilimwomba anikatie mche nikiangalia. Kisu kilipoingia sabuni ilipasuka pembeni, makombo yakaanguka, kipande cha kwanza kikawa kinene, cha mwisho kikawa kama jani. Yeye mwenyewe hakupenda. Alisema wateja wanamtukana kila siku kwa kisu ambacho hata yeye hakimtii. Nikaenda duka la spea za baiskeli nikanunua waya wa breki. Seremala wa jirani akanipa kipande cha mbao na vigingi. Nikafungua waya, nikauvuta uzi mmoja mwembamba, nikaufunga pande mbili, na ubaoni tukatoboa matundu ya kuhamishia kigingi. Unausukuma mche hadi kwenye kigingi, unavuta waya chini. Ukakata kama siagi. Vipande sita, ndugu zetu. Pacha sita! Na hakuna hata kombo.

Yule mama akavipanga mkononi, akavipima kwa macho.

"Na nikitaka saba?"

"Hamisha kigingi."

"Kale!" Yaani sawa. Akaniita mwanangu. Mimi mwenye mvi kifuani.

Nafuna akasema, "Mzee, alama hazikutakiwa kuwa kwenye sabuni. Zilitakiwa kuwa kwenye kisu." Ndivyo ilivyo. Kibao mnachopeleka leo na mzigo wa kila duka kilizaliwa pale, na mkimsikia mtu wa mauzo anasema alikibuni yeye, mwambieni Waiswa bado anaishi Jinja na anajua njia ya kuja ofisini.

Lakini lori tulilokwenda nalo lilikuwa linatusubiri mbele ya duka la Hajji, limekwisha kupakiwa ile sabuni yenye mistari.

Tukashika njia ya kurudi. Nafuna alikaa katikati yangu na dereva, kibao mapajani, akichezea kigingi mpaka tukaingia mashamba ya mpunga ya Tirinyi. Majaribio yake yalikuwa yanaisha mwezi uleule. Wazo lilikuwa lake na kila mtu alijua, jina lake liliandikwa juu kabisa kwenye karatasi za alama. Nyumbani Wanale alikuwa na wadogo zake shuleni na mama aliyejivunia hii kazi mbele ya kanisa zima. Akatoa kitabu kwenye mkoba. Kilikuwa cha tatu, cha uongozi, ambacho tulikuwa tukianze Ijumaa ile. Akaanza kusoma kwa sauti, nadhani ili asilie.

Sura ya kwanza ilisema, kwa maneno yangu, kwamba kiongozi chakula kikipakuliwa anakaa nyuma, na mawe yakirushwa anakaa mbele.

"Aliyeandika hivyo amewahi kurushiwa jiwe?" nikauliza.

"Haijasemwa, mzee."

"Basi funga hicho kitabu. Kinatutia uchuro."

Akafunga. Dereva, Mkenya mmoja wa Bungoma mwenye mdomo, akasema, "Wacha msichana asome, bwana mkubwa. Hiyo sura imekuuma kwa sababu bado haijaiva." Nikamwambia aangalie barabara.

Mkurugenzi alitupokea siku ya pili na mhasibu pembeni. Nikaweka kibao mezani, nikaweka mche, nikakata. Hakutazama. Alikuwa anatazama karatasi ya mhasibu.

"Kibao baadaye. Hasara kwanza. Hili wazo la alama lilikuwa la nani?"

Kumi yake mwenyewe alikuwa ameisahau, mnaona. Tisa zote zilikuwa zimesahauliwa. Watu waliopiga makofi kantini walikuwa wanapita nje ya dirisha wakijifanya hawatujui. Hicho ndicho kinachonichosha kwa watu wa vitabu: wazo likipanda linakuwa letu, likianguka linakuwa na jina na anwani.

Nafuna akafungua mdomo. "Lilikuwa la..."

"La aliyelitia sahihi," nikasema.

"Bwana Waiswa, sikuulizi sahihi. Nauliza wazo. Nafuna yuko kwenye majaribio, na mhasibu anasema hasara isiyo na mwenyewe itazaa nyingine."

"Mwenyewe ni huyu amekaa mbele yako. Niliwaambia Mbale naijua kama kiganja changu. Kama kiganja kimekosea, usikate kidole cha mtu mwingine."

"Unaelewa maana yake? Unastaafu mwisho wa mwaka. Nitakata kwenye fedha zako za kustaafu."

Nafuna akasema, "Mzee, hapana, mimi ndiye..."

"Nyamaza, mwanangu, watu wazima wanaongea." Nikamgeukia Mkurugenzi. "Kata. Lakini kibao hiki kinakwenda Mbale kwa jina la Nafuna, na barua yake ya ajira inatoka leo. Kata upesi kabla akili haijanirudia."

Mkurugenzi akaiweka chini karatasi ya mhasibu. Nakala yake ya kile kitabu cha tatu ilikuwa mezani, mpya, hata mgongo wake haujavunjika.

"Hilo nalo limo kwenye kitabu?"

"Sijui, bwana. Mimi nimefika sura ya kwanza tu. Na kwa bei hii sina haraka na sura ya pili."

Barua ilitoka jioni. Nafuna aliisoma akiwa amesimama korido, akaipiga kwenye kiganja, akaenda moja kwa moja kuagiza mbao. Hakunishukuru siku ile, na alifanya vizuri. Angenishukuru ningelia, na mimi silii kiwandani. Vijana, huyo ndiye mkubwa wenu anayewakaripia leo mkichelewesha vibao. Vumilieni. Ana haki.

Mke wangu nilimweleza usiku huohuo. Alikuwa ameshachagua rangi ya mabati ya kuezekea nyumba yetu kwa fedha hizo, nyekundu. Akaenda kukagua ugali jikoni, akarudi na mwiko mkononi.

"Hicho kitabu kina sura ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kirudishe."

Mhasibu alinipa karatasi yake Jumatatu, na nitamsifu kwa haki: hakuongeza hata senti, na hakupunguza hata senti, kwa sababu hapendi kutoa tisa. Sabuni yenyewe haikupotea, ilirudishwa sufuriani kuchemshwa upya, kwa hiyo thamani yake hakunitoza. Alinitoza rola ya fundi, laki nane na hamsini elfu. Lori kwenda na kurudi, laki sita na arobaini elfu. Kuni, magadi na wapishi wa kuichemsha upya, laki nne, tisini na saba elfu na mia tatu. Nikamuuliza hiyo mia tatu ni ya nini. Akasema ni ya kiberiti.

Kwa hiyo mnaotaka orodha, haya. Cha kwanza kisomeni, na sura ya nne msiiruke hata kama kuna keki. Cha pili kitumieni kuegemeza mlango. Cha tatu ndicho bora kuliko vyote, na sijakimaliza. Kampuni ilikinunua Kampala kwa elfu sabini. Mimi kurasa zake za mwanzo peke yake, ambazo nilisomewa ndani ya lori, zimenigharimu shilingi milioni moja, laki tisa, themanini na saba elfu na mia tatu.